Boksi la roketi lisilotengenezwa tena: kutafuta vipande ukiwa Mbeya au Iringa

Boksi la roketi ya mfano, yaani vipande vya kuunganisha roketi ndogo ya karatasi na mbao inayoruka kweli, likifunguliwa baada ya kukaa miaka kumi kwenye stoo ya maabara, kinachokosekana huwa kilekile. Bomba la mwili limebonyea kwa sababu kuna mtu alipanga katoni za vitabu juu yake. Parachuti ya plastiki imegandana mikunjo yote. Lastiki inayofunga pua kwenye mwili imekauka, ukiivuta inakatika kama tambi. Pezi moja halipo, na pua imetafunwa na panya. Karatasi ya maelekezo ikiwa imesalimika, itakutajia modeli ambayo kiwanda kilishaacha kuitoa.

Hapo wengi huanza kutafuta boksi jingine kama hilo, na ndipo wanapopotea. Boksi zima la modeli iliyoachwa hununuliwa na wakusanyaji wa vitu vya zamani, na bei yake ni ya kumbukumbu, si ya karatasi na mbao. Cha kutafuta ni vipimo. Roketi ya mfano ni kipenyo kimoja au viwili, urefu, umbo la mapezi na mahali uzito unapokaa. Ukivijua hivyo, vipande vingi utavipata kati ya soko la Mwanjelwa, Mbeya, na karakana ya seremala yeyote wa Mafinga.

Bahati nzuri, majina ya vipande vya zamani ni vipimo vyenyewe. Estes, kampuni ya Marekani iliyoanza mwaka 1958 na baadaye kuhamia Penrose, Colorado, iliyaita mabomba yake BT na kuyapa namba, na wauzaji wengi waliofuata wakashika namba hizohizo. BNC ni pua ya balsa, mbao nyepesi sana. PK ni parachuti, na namba inayofuata ni kipenyo kwa inchi: PK-18 ni kama sentimita 45. Pete yenye tarakimu 2050 inashika bomba la BT-20 ndani ya BT-50, na yenye 2060 inalishika ndani ya BT-60. Kwa hiyo orodha ya vipande ina thamani kuliko picha ya rangi iliyo juu ya boksi.

Orodha nayo ikiwa imepotea, pima. Usipime kipenyo kwa rula. Itakudanganya kwa nusu milimita, na nusu milimita ndiyo tofauti ya pua inayoingia na pua inayogoma. Kama huna kalipa, zungushia bomba ukanda wa karatasi, weka alama pale mwisho unapokutana na mwanzo, ukunjue, upime urefu huo, ugawe kwa 3.1416. Mzunguko wa milimita 59 ni BT-20, yenye kipenyo cha nje cha milimita 18.7. Milimita 78 ni BT-50 (24.8), 106 ni BT-55 (33.7), 131 ni BT-60 (41.6). Hata bomba lililobonyea likawa bapa linapimika: lichane kwa urefu wake, lilaze mezani, na mzunguko wake uko palepale haujabadilika. Ndiyo maana hatutupi bomba bovu mpaka jipya limekamilika.

Maelekezo ya modeli nyingi za zamani yameshaskaniwa na wapenzi wa mchezo huu na kuhifadhiwa, pamoja na michoro ya mapezi. Mtego uko kwenye kuchapisha. Karatasi za Marekani zina upana wa milimita 216, A4 yetu ina 210. Kijana wa steshenari akiacha mashine ipunguze mchoro ili uenee, unapata asilimia 97 au chini ya hapo, na pezi la milimita 80 linatoka na pungufu ya 78. Kwa macho huoni tofauti. Mwambie achapishe asilimia 100 hata kama pembeni patakatika, kisha pima kitu kimoja kwenye mchoro ambacho urefu wake umeandikwa.

Ukiamua kuagiza vitu vichache kutoka nje, agiza mabomba na pua, basi. Mabomba yaombe yaingizwe moja ndani ya jingine: BT-20 inaingia BT-50, BT-50 inaingia BT-55, BT-55 inaingia BT-60. Yakija hivyo yanalindana, na kifurushi kinakuwa chembamba. Mabomba manne yaliyolazwa kandokando ndani ya bahasha hufika yakiwa kama mkeka.

Lakini bomba linatengenezeka hapahapa, na kwa maoni yetu hili ndilo la kujifunza kabla ya mengine yote. Karatasi nzuri kuliko zote ni ya mfuko wa saruji. Ni karatasi ya kahawia yenye nyuzi ndefu, na mfuko una zaidi ya tabaka moja. Tabaka la ndani lina vumbi la saruji. Lipanguse kwa kitambaa kikavu, ukitumia maji umelimwagilia zege. Unene wake ni karibu milimita 0.1, na ukuta wa BT-50 ya kiwandani ni milimita 0.33, hivyo mizunguko mitatu inatosha. Kwa BT-60, ambayo ukuta wake ni milimita 0.53, piga mitano.

Kiolezo cha kuviringishia ndicho kinachoamua kipenyo cha ndani. Paipu nyeupe za kupitishia nyaya za umeme zipo za milimita 20 na 25 kwa nje. Ya 25 inakupa bomba kubwa kidogo kuliko BT-50, ambayo ndani ni 24.1. Kama pua nayo unaitengeneza mwenyewe, tofauti hiyo haina shida. Kama una pua ya kiwandani, tafuta mpini wa fagio na uupunguze kwa msasa hadi ufike 24. Kwa bomba la injini, yaani BT-20, ambalo ndani ni milimita 18, chukua chuma laini cha mviringo cha milimita 16 na ukizungushie karatasi mpaka kifike 18. Nondo yenye mistari haifai hata ukiivika karatasi kiasi gani.

Kata karatasi yenye urefu wa bomba unalotaka ukiongeza sentimita 2 kila upande, na upana wa mzunguko mara tatu ukiongeza sentimita moja ya kupandiana. Kwa paipu ya 25 ni kama sentimita 25. Kabla ya kukata, jua nyuzi za karatasi zimelala upande gani: kunja kipande kidogo bila kukibana, huku na huku. Upande unaokubali kujikunja kwa ulaini ndio wa kuzungushia paipu. Ukikosea hapa bomba litakuwa linajifungua lenyewe kwenye mshono, na gundi haitalishinda.

Pakaa paipu nta ya mshumaa, au ivike nailoni. Changanya gundi nyeupe ya mbao sehemu mbili na maji sehemu moja. Mzunguko wa kwanza usiwe na gundi hata tone. Anza kupaka pale karatasi inapoanza kupandia karatasi nyenzake. Viringisha ukivuta sawasawa kwa viganja viwili, ukisukuma kutoka katikati kwenda nje ili hewa itoke. Sasa usiende kunywa chai. Karatasi iliyolowa hutanuka, ikikauka husinyaa, na ikisinyaa hung'ang'ania paipu kiasi kwamba utaichana ndipo itoke. Baada ya kama dakika tano, ikiwa bado ina ubichi, izungushe kidogo uone kama inateleza, kisha ichomoe na uisimamishe wima. Ukiilaza mezani itakauka na tumbo upande mmoja, na roketi yenye tumbo hupinda njia.

Baridi nayo ina lake. Asubuhi za Juni na Julai, Makete na Njombe, gundi nyeupe hukauka ikawa kama chaki badala ya kuwa angavu. Chaki hiyo si urembo, ni kiungo kilichokufa: maji yametoka kabla gundi haijashikamana. Fanyia kazi ndani, mchana, au weka bomba chumba chenye jiko lililozimwa ambalo bado lina joto. Kwa upande wa Tukuyu, ambako mvua haichelewi kurudi, shida ni kinyume chake, kukauka kunachukua siku mbili. Mwisho kata ncha kwa wembe huku paipu imerudishwa ndani, ukizungusha bomba badala ya kuzungusha wembe.

Pua ni rahisi kuliko inavyoonekana. Kipande cha msonobari, mabaki ambayo maseremala wa ukanda wa Sao Hill wanayachoma tu, kitobolewe katikati na kugundishiwa kijiti cha milimita 6. Funga kijiti kwenye drili iliyobanwa mezani, chonga kwa tupa kisha msasa namba 80, malizia na 220. Bega linaloingia ndani ya bomba liwe na urefu angalau sawa na kipenyo cha roketi, na liingie bila kulazimishwa. Kipimo chetu: shika pua, inua roketi, mwili usianguke wenyewe, ila ukiutikisa kidogo uteleze utoke. Ikilegea, ongeza mzunguko mmoja wa tepu ya karatasi ya wapaka rangi.

Msonobari ni mzito kuliko balsa, karibu mara tatu kwa ujazo uleule. Kwenye pua uzito huo ni msaada, kwa kuwa unasogeza kitovu cha uzito mbele. Kwenye mapezi ni balaa. Watu wengi hawalioni hili: wanapata plaiwudi nzuri ya milimita 3, wanakata mapezi manne imara ajabu, na roketi inapinduka mita kumi kutoka ardhini.

Mapezi ya zamani mengi ni balsa ya milimita 1.6 au 2.4, na balsa dukani kwetu hakuna. Badala yake tunatumia foamu ya vifungashio vya chipsi. Chukua sehemu bapa yenye unene wa kama milimita 3, ipake gundi ya mbao nyembamba, ibandike karatasi ya kawaida ya gramu 80 pande zote mbili kwa wakati mmoja, iweke kati ya nailoni mbili na uikandamize chini ya vitabu usiku kucha. Ukibandika upande mmoja leo na mwingine kesho, itajipinda kama kigae. Uzito wake kwa eneo unakaribia kabisa wa balsa ya milimita 2.4, na haivunjiki kirahisi kwenye kiungo. Ila supaglu inaiyeyusha foamu palepale, na rangi ya kupuliza hufanya hivyohivyo ikipata mahali pasipo karatasi. Ziba kingo zote kwa gundi ya mbao kabla ya rangi. Na kama unayo balsa halisi, nyuzi zake zilale sambamba na ukingo wa mbele wa pezi. Zikilala vingine litakatika siku ya kwanza kutua.

Kubandika: paka gundi kwenye mzizi wa pezi na kwenye bomba, gusisha, ondoa, subiri dakika tatu, paka tena kidogo, ndipo ushikize. Kiungo hicho cha gundi mara mbili ni imara kuliko karatasi inayokishika. Kikikauka, pitisha kidole chenye gundi pembeni kote. Kugawa bomba kwa mapezi matatu, tumia tena ukanda wa karatasi: mzunguko wa 78 ukigawa kwa tatu ni milimita 26 kila alama. Mstari wa kunyoosha pezi chorea kwenye kona ya mlango. Bomba likilala konani, fremu inakuongoza kalamu ikaenda sambamba na mhimili.

Pete za kushika bomba la injini usihangaike kuzikata kwa mkasi. Kata ukanda wa karatasi ya mfuko wa saruji wenye upana wa milimita 6, uviringishe juu ya bomba la injini ukipaka gundi mpaka uingie kwenye bomba kubwa. Kutoka 18.7 kwenda 24.1 unahitaji kama mizunguko 25, yaani ukanda wa mita 1.7 hivi. Ndoano ya kuzuia injini isitoke hupatikana gereji: ule utepe mwembamba wa chuma cha springi ulio ndani ya waipa ya gari. Ukiukunja ukiwa baridi unakatika, kwa hiyo choma ncha tu mpaka ziwe nyekundu, ziache zipoe zenyewe, kisha kunja. Umbali kati ya mikunjo miwili uwe milimita 70, urefu wa injini ya kawaida ya kipenyo cha 18.

Kijibomba cha ubavuni cha kupitisha fito ya kurushia, ile inayoiongoza roketi inapoanza kuruka: fito asilia ni ya milimita 3.2, na kijiti cha kuchomelea chuma cha geji 10 kina unene huohuo baada ya kukibandua ungaunga wake. Kwa urushaji ni kifupi mno, lakini kama kiolezo cha kuviringishia karatasi ni sawasawa. Zungushia kwanza mkunjo mmoja wa karatasi usio na gundi ili kupatikane nafasi.

Kwa parachuti, tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019, tumehamia kwenye miamvuli iliyokufa. Mbeya haikosi. Kitambaa chake ni chepesi na hakigandani, ila kinajaza nafasi: ndani ya bomba la 24 usizidishe kipenyo cha sentimita 30. Nyuzi sita, kila moja ndefu angalau sawa na kipenyo cha parachuti. Roketi ya gramu 60 ikiwa na parachuti hiyo hushuka kwa kama mita 4.6 kwa sekunde kwenye hewa ya Mbeya. Yenye sentimita 45 hushuka kwa mita 3. Huku juu, karibu mita 1,700, hewa ni nyepesi kwa takribani asilimia 15 kuliko pwani, kwa hiyo usishangae ikitua kwa haraka kuliko maelekezo yanavyosema. Lastiki ni ya fundi cherehani, urefu mara tatu ya roketi. Ikiwa fupi, pua hurudi kwa nguvu na kugonga bomba lake lenyewe. Utaona alama ya jino ukingoni.

Pua ya plastiki iliyopasuka ina jaribio lake. Tupa kipande kwenye glasi ya maji. Kikizama, kina uwezekano mkubwa wa kuwa polistirini, na mabaki yake yaliyoyeyushwa kwenye thina ni gundi safi ya kuzibia ufa. Kikielea ni polithini au ndugu yake, hakuna gundi itakayoshika, chonga ya mbao. Stika za ubavuni wape vijana wanaokata stika za bajaji.

Injini ndiyo kipande pekee ambacho hatutengenezi na hatumshauri yeyote atengeneze. Ndani yake ni baruti iliyoshindiliwa. Haiingii kwenye kifurushi cha kawaida cha Posta wala kwenye begi la ndege, na baruti nchini ina sheria yake na vibali vyake. Ukikuta injini za zamani ndani ya boksi, usizijaribu: miaka ya joto na baridi huipasua baruti ndani au kuitenga na ganda lake, na ikiwashwa hulipuka badala ya kusukuma. Ziweke mbali na watoto na utoe taarifa polisi.

Roketi hairuki bila injini? Inaruka kwa hewa. Bomba uliloviringisha kwenye paipu ya 25 linarudi kuvaa paipu ileile, na paipu hiyo ikiunganishwa na chupa ya soda ya lita 2 kwa mpira wa ndani wa baiskeli, teke moja juu ya chupa linatosha. Kwa matumizi haya usiweke bomba la injini kabisa, na pua izibwe kwa tepu bila kuacha tundu. Isipozibwa, pua huenda peke yake na mwili hubaki umekaa kwenye paipu. Simamisha paipu wima, na asiwepo mtu wa kuinamia juu yake kuchungulia.

Iwe ya hewa au ya injini, roketi iliyobadilishwa vipande si ile ya boksi tena, hivyo ipimwe upya. Kitovu cha uzito kiwe mbele ya kitovu cha msukumo wa hewa (pale nguvu zote za hewa kwenye roketi zinapojumlishika) kwa angalau kipenyo kimoja cha mwili. Programu ya OpenRocket ni ya bure na itakukokotolea. Ingiza uzito uliopima kwa mizani, usiachie ule inaoukisia yenyewe kwa balsa, na kwenye mahali pa kurushia andika mwinuko wa kwenu. Bila kompyuta, tumia kamba. Kama ni ya injini, weka ndani injini bandia: bomba la karatasi la milimita 18 kwa 70 lililojazwa mchanga hadi lifike gramu 24, ambao ndio uzito wa C6-5, injini moja ya kipenyo hicho. Parachuti iwe imekunjwa ndani. Tafuta pale roketi inapokaa sawa juu ya kidole, funga hapo kamba ya mita 2 au 3, bana kwa tepu isiteleze, kisha izungushe juu ya kichwa uwanjani.

Pua ikitangulia, iko tayari. Ikienda ubavu au mkia ukitangulia, fungua pua na utie washa (kipete cha chuma cha bolti) ya M6 kwenye tundu la bega. Ni kama gramu moja. Zungusha tena. Ongeza moja moja, usimimine nne kwa pupa, kwa sababu kila gramu ya mbele inapunguza kimo. Pua ikishatangulia mara tatu mfululizo, gundisha washa zisicheze, na uandike idadi yake kwa kalamu ndani ya bomba, chini kidogo ya ukingo.